Sungura Mgeni na Siku Zake 14 za Kwanza

Mara nyingi habari huwa hivi. Mkulima huenda sokoni, huona sungura wazuri, hununua majike wawili na dume mmoja, na jioni hiyo hufika nao nyumbani ndani ya gunia. Nyumba yao haipo. Basi huwatia jikoni nyuma ya kuni, na watoto wa majirani wote huja kuwatazama na kuwashika. Asubuhi huwapa kabichi nyingi mbichi yenye umande, kwa kuwa amesikia kwamba sungura hupenda kabichi. Siku ya nne mmoja amevimba tumbo. Siku ya nane wa pili anaharisha. Juma la pili likiisha amebaki mmoja tu, naye ni dume. Ndipo mkulima husema kwamba sungura ni mnyama dhaifu, au kwamba yule aliyemwuzia alimdanganya.

Sungura si dhaifu hivyo. Lakini kuna mambo matatu yanayomshinda upesi, nayo ni hofu, unyevu, na kubadilishiwa chakula kwa ghafula. Mnyama anayehamishwa kutoka boma moja kwenda jingine huweza kupatwa na yote matatu kwa siku moja. Tena sungura huficha ugonjwa wake, maana porini mnyama mdogo anayeonekana mgonjwa ndiye huliwa kwanza. Ng'ombe akiugua utamwona anasinzia na maziwa yatapungua, nawe utapata wakati wa kumwita daktari. Sungura, mpaka umtambue kuwa ni mgonjwa, huenda zimebaki saa chache tu. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya kumponya hufanywa kabla hajaugua, na sehemu yake kubwa hufanywa kabla hajafika nyumbani kwako.

Jambo hili lawahusu sana wakulima wa skimu za makazi. Mashamba mengi yaliyogawiwa wakati wa mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, yamekwisha gawanywa tena kati ya watoto na wajukuu. Palipokuwa na malisho ya ng'ombe sasa pana nyumba tatu na shamba la mahindi. Lakini mahali pa sungura papo, kwa kuwa jike mmoja hutaka nafasi ya futi 3 kwa futi 2 tu, na akitunzwa vizuri huweza kuzaa mara nne au tano kwa mwaka, watoto sita au wanane kila mara. Nyama yake haina mafuta mengi, na mbolea yake ni nzuri sana kwa bustani ya mboga. Hata hivyo usianze na wengi. Miaka ya 2010 hivi watu wengi katika Kenya walikimbilia sungura kwa kuahidiwa soko kubwa, wakanunua makumi kwa makumi, na baadaye wengi wao wakaacha kwa kukosa wanunuzi. Anza na majike wawili na dume mmoja. Nyumba yako ikiwashibisha nyama na jirani mmoja akaja kuuliza bei, hapo utajua kama inafaa kuongeza.

Nyumba kwanza

Usinunue sungura kabla nyumba haijasimama. Kila sungura mkubwa apate chumba chake mwenyewe. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana mpaka kujeruhiana vibaya, na majike wageni nao huumana. Kwa sungura wa aina ya New Zealand White au California, ambao hufikia kilo 4 au 5, chumba kiwe na upana wa futi 3, kina cha futi 2, na kimo cha futi 2. Flemish Giant ni mkubwa zaidi, naye apewe upana wa futi 4.

Si lazima nyumba iwe ya fedha nyingi. Mbao za pembeni, zile zinazouzwa kwa bei rahisi penye viwanda vya kupasulia miti, zatosha kabisa. Mianzi nayo yafaa. Lakini usitumie ndani ya chumba mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au rangi, kwa kuwa sungura hutafuna kila kitu. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na asipopata kitu kigumu cha kutafuna yatakuwa marefu mpaka ashindwe kula. Mpe kijiti au kipande cha bua la mahindi, naye ataiacha nyumba yako kidogo.

Sakafu ndiyo inayoamua mengi, nasi twataka uitazame vizuri. Ugonjwa wa koksidiosi, ambao huua sungura wachanga wengi kwa kuharisha, hutoka katika mavi. Mayai ya vijidudu vyake yakianguka mahali penye unyevu, kwa siku chache tu hukomaa, na sungura akiyala pamoja na majani yaliyoanguka sakafuni ameambukizwa. Kwa hiyo mavi yasikae naye. Sakafu ya saruji au ya udongo haifai. Tumia wavu wa waya mnene wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, ili mavi na mkojo vianguke chini. Usitumie ile seng'enge nyembamba ya kuku kwa sakafu: miguu hunasa ndani yake, na mbwa huipasua kwa meno. Kama huna fedha za wavu, pigilia fito za mbao au mianzi zenye upana wa inchi moja, na kati ya fito na fito uache nafasi ya nusu inchi. Kisha weka kipande cha ubao mahali pamoja, mradi kisafishwe kila siku, sungura apate kupumzisha nyayo zake. Sungura hana nyayo ngumu kama za mbwa, ana manyoya tu, na akikaa juu ya waya mchana na usiku hutoka vidonda ambavyo haviponi upesi.

Nyumba yote isimame juu ya miguu, futi 3 kutoka chini. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, kwa ajili ya siafu. Mkulima asiyejua siafu na ajenge bila makopo: ataamka asubuhi moja akute kiota kizima kimekwisha. Majani ya kando yasiguse nyumba, maana siafu watapanda kwa hayo na kuyaacha makopo yako. Mlango uwe na kitasa au waya wa kufungia, si kamba. Paka, mbwa na nguchiro hujua kufungua mlango wa kamba, na panya akiingia hula watoto wachanga na kuchafua chakula.

Sasa paa na upepo. Watu wa Kinangop na Ol Kalou mara nyingi hufikiri kwamba adui wa sungura ni baridi. Sivyo. Sungura mkavu, mwenye manyoya mazuri na aliyeshiba, huvumilia baridi ya usiku hata kukiwa na sakitu. Kinachomwua ni upepo unaopita moja kwa moja, na manyunyu yanayomlowesha. Ziba nyuma na upande ule unaotoka mvua, ambao wewe unaujua kuliko sisi, na upande wa mbele uwe wa waya. Usizibe pande zote, kwa maana harufu kali ya mkojo ikikosa njia ya kutoka huunguza mapafu yake, naye ataanza kupiga chafya na kutoka kamasi. Kwa sababu hiyo hiyo jiko si mahali pa sungura. Moshi ni mbaya kwake kuliko baridi.

Kwa wakulima wa Mpeketoni na Magarini shauri ni jingine kabisa. Huko adui ni joto. Sungura hatoki jasho kama mtu, na njia yake kubwa ya kupoza mwili ni masikio. Joto likizidi nyuzi 30 hutweta na kulala amejinyoosha, na dume huweza kupoteza nguvu za uzazi kwa majuma kadhaa, hata mkulima akadhani jike ni tasa. Jenga chini ya mwembe au mkorosho, ezeka kwa makuti, na pande tatu ziwe wazi. Mabati yasiwe paa la sungura wa pwani, ila kama yamefunikwa kwa makuti juu yake.

Kitu cha mwisho cha nyumba ndicho wakulima wengi huacha, nacho ni mahali pa kujificha. Tia ndani ya chumba kisanduku cha mbao chenye urefu wa futi moja na nusu na upana wa futi moja, kilicho wazi upande mmoja. Sungura mgeni akiwa na mahali pa kujificha hula mapema zaidi. Akikosa mahali hapo hujikunja pembeni macho yamemtoka, hali, na tumbo lake likikaa tupu kwa siku nzima husimama kufanya kazi. Huo ndio mwanzo wa vifo vingi ambavyo watu huviita vya ghafula.

Kuchagua na kuleta

Nyumba ikiwa tayari, nenda kanunue. Ukiweza, nunua kwa mfugaji nyumbani kwake badala ya sokoni, upate kuona wanavyokaa na wanachokula. Huko Ngong pana kituo cha serikali cha sungura ambacho wafugaji wamekijua kwa miaka mingi, lakini hata karibu nawe ofisi ya mifugo ya wadi itaweza kukuonyesha mfugaji mwaminifu.

Mchukue mnyama mmoja mmoja mkononi na umtazame. Macho yawe maangavu. Pua iwe kavu, kisha ugeuze nyayo za mbele uone upande wa ndani: sungura mwenye mafua hujipangusa pua kwa mikono, na manyoya ya hapo hushikamana. Muuzaji anaweza kumfuta pua kabla hujafika, lakini ni wachache wanaokumbuka kufuta mikono. Tazama ndani ya masikio kama kuna ukoko wa upele. Tazama chini ya mkia kama ni pasafi. Inua mdomo wa juu uone kwamba meno ya juu na ya chini yanakutana sawasawa. Asiwe na umri wa chini ya majuma manane, na wa miezi mitatu ni bora zaidi, kwa sababu tumbo lake limekwisha kukomaa. Dume asiwe ndugu wa majike hao.

Kabla ya kuondoka uliza swali hili moja: anakula nini, na mara ngapi kwa siku? Kisha umwombe au umnunulie muuzaji chakula hicho hicho cha kutosha mpaka mnyama atakapozoea chako. Ukisahau mambo mengine yote ya makala hii, usisahau mfuko huo wa chakula.

Usimtie katika gunia. Tumia kikapu chenye kifuniko au sanduku la karatasi ngumu lililotobolewa matundu pande zote, na nyasi kavu chini yake. Kila sungura awe na lake. Safiri asubuhi na mapema au jioni. Sungura aliyefungiwa nyuma ya gari wakati wa jua kali, au aliyewekwa juu ya matatu chini ya mizigo, huweza kufa kabla hujafika kwako, na hata akifika hai huwa amekwisha kuumia.

Usiku wa kwanza na siku zinazofuata

Ukifika, mtie chumbani mwake, funga mlango, uende zako. Kuna maji, kuna nyasi kavu, kuna kisanduku chake. Hapo kazi yako ya siku hiyo imekwisha. Najua ni vigumu, hasa kwa watoto. Lakini kwa siku tatu za kwanza mtu mmoja tu ndiye amkaribie, tena kwa kulisha na kusafisha, si kwa kumshika. Mbwa afungwe mbali. Sungura hapigani na mbwa wala hamkimbii akiwa ndani ya chumba. Huogopa tu, na hofu yenyewe huweza kumwua. Ukisikia usiku anapiga sakafu kwa miguu ya nyuma, ujue ameona au amenusa kitu cha hatari, nawe utoke na taa utazame.

Chakula cha siku ya kwanza ni nyasi kavu na konzi moja ya kile alichozoea kwa muuzaji. Siku nne za kwanza usibadili chochote. Siku ya tano uanze kuchanganya, sehemu tatu za chakula chake cha zamani na sehemu moja ya chako. Siku ya nane iwe nusu kwa nusu. Siku ya kumi na moja chako kizidi, na siku ya kumi na nne awe amehamia katika chakula cha shamba lako. Huku si kumdekeza. Ndani ya utumbo mpana wa sungura mna viini vingi vidogo vinavyosaga majani kwa niaba yake, na viini hivyo huzoea chakula kimoja. Ukikibadili kwa siku moja, hufa vile vyema na kuzaliwa vibaya, tumbo likajaa hewa au likaharisha.

Nyasi kavu ndiyo ugali wake, na zisikosekane mchana wala usiku. Boma Rhodes iliyokaushwa vizuri ni bora, lakini nyasi yoyote safi isiyo na ukungu yafaa. Majani mabichi ni mboga tu. Marando ya viazi vitamu, majani ya karoti, kishona nguo na sukuma wiki ni mazuri, mradi yakatwe, yaoshwe, na yaachwe kivulini saa kadhaa mpaka yanyauke. Kabichi impe kidogo tu, maana huleta hewa tumboni. Akiwa anakula peleti za dukani, sungura mkubwa asiyezaa hutoshwa na gramu 100 au 150 kwa siku.

Kuna majani ambayo hayafai hata kidogo. Katika skimu za baridi kila mtu ana viazi ulaya, na kila mtoto huona majani yake mengi ya kijani yakilala bure shambani. Majani hayo yana sumu, na viazi vilivyochipua au vilivyogeuka kijani vina sumu pia. Majani ya nyanya ni hivyo hivyo, na ya mparachichi, na ya lantana inayopandwa uani. Waonyeshe watoto kwa vidole, mti kwa mti, usitegemee kuwaambia tu. Tena, kabichi na sukuma zilizopigwa dawa ya wadudu juma hili haziwezi kuwa chakula cha sungura juma hili. Soma karatasi ya dawa, hesabu siku zilizoandikwa hapo kama vile ungehesabu kwa chakula cha watoto wako.

Maji ni ya kila siku, na yawe safi. Wengine husema sungura hanywi maji kwa kuwa hupata umande wa majani. Maneno hayo yameua sungura wengi. Sungura mkubwa hunywa nusu lita hivi kwa siku, na jike anayenyonyesha hupita lita moja. Weka chombo kizito cha udongo au cha saruji, au kopo lililofungwa ukutani kwa waya, ili asikipindue na kulowesha sakafu.

Siku ya nne au ya tano, akiwa anakula vizuri na kukujia mlangoni, waweza kuanza kumshika. Masikio yake si mpini wa jembe, usimwinue kwayo. Shika ngozi iliyolegea juu ya mabega kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike matako ubebe uzito wote, kisha mlaze kifuani pako. Miguu ya nyuma ya sungura ina nguvu nyingi na mifupa yake ni myepesi. Akining'inia na kupiga teke hewani huweza kuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe. Mtoto akae chini anapomshika, ili akimponyoka asianguke kutoka juu.

Mambo yanayotisha bure, na yanayotisha kweli

Mkulima mgeni wa sungura huja ofisini akiwa na hofu ya mambo mawili. La kwanza ni mkojo mwekundu. Mkojo wa sungura huweza kuwa mweupe kama maji ya chokaa, au wa manjano, au mwekundu kama chai ya rangi, kwa kufuata majani aliyokula. Kama anakula na kucheza, mwache. La pili ni kwamba ameonekana akila mavi yake. Usimzuie. Sungura hutoa mavi ya namna mbili: yale magumu ya mviringo unayoyaona chini, na mengine laini ambayo huyala moja kwa moja yanapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Hayo laini yana vitamini na protini zilizotengenezwa na vile viini vya tumboni. Ng'ombe hucheua, na sungura hufanya kazi kama hiyo kwa njia yake. Ukiona mavi laini mengi yamebaki sakafuni bila kuliwa, hapo ndipo uulize: pengine peleti zimezidi na nyasi zimepungua.

Linalotisha kweli ni sungura asiyekula. Kila asubuhi tazama vitu viwili kabla ya kuangalia kingine: nyasi zimepungua kiasi gani, na chini kuna mavi kiasi gani. Kama nyasi ni zile zile za jana na chini hakuna mavi, usingoje mpaka jioni. Ondoa majani mabichi yote na peleti, mwachie nyasi kavu na maji, mtie mahali pakavu pasipo na upepo, na umpigie simu daktari wa mifugo. Fanya hivyo pia ukimwona amejikunja akisaga meno, au tumbo limekuwa gumu kama ngoma, au anaharisha maji. Kwa koksidiosi daktari anazo dawa za salfa, nazo hufanya kazi zikitolewa mapema.

Lakini usijitibie mwenyewe kwa dawa iliyobaki kabatini, na hapa twasema kwa nguvu. Amoksisilini na penisilini za kumeza, ambazo watu na kuku hupewa, huua vile viini vyema vya tumbo la sungura, naye hufa kwa kuharisha siku chache baadaye. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili nayo huua sungura. Wala usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Upele wa masikio ni tofauti kidogo: waweza kuanza mwenyewe kwa kutia matone ya mafuta ya kupikia ili ukoko ulainike, bila kuubandua kwa kucha, maana chini yake ni kidonda na humwuma sana. Sindano ya kuua vijidudu vyenyewe ataipiga daktari.

Kama tayari una sungura wengine, huyu mgeni asikae nao kwa siku hizo 14. Nyumba yake iwe mbali hatua ishirini au zaidi. Lisha wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni. Mnyama anaweza kuonekana mzima na bado anabeba mafua au upele ambao wenyeji hawajauzoea, na ugonjwa ukiingia chumba kimoja hupita kwenye vyumba vyote. Chombo cha maji cha mgeni kisihamie kwa wenyeji.

Mavi yanayoanguka chini yaondolewe kila siku katika majuma hayo mawili, hata ikiwa baadaye utakuwa ukiondoa mara mbili kwa juma. Yapeleke kwenye shimo la mbolea. Hapo mtoto aliyechaguliwa kuwa mlinzi wa sungura ana kazi yake ya kabla ya kwenda shule. Sisi twaona ni vyema awe mtoto mmoja mwenye jina lake, si watoto wote kwa zamu, kwa sababu sungura humzoea mtu, na vilevile kwa sababu panapokuwa na zamu kila mtu hudhani mwenzake amekwisha tia maji.

Siku ya 14 ikipita salama, mgeni amekuwa mwenyeji. Usikimbilie kumzalisha. Jike wa aina ya New Zealand au California angoje mpaka miezi mitano au sita, naye awe na kilo 3 na nusu angalau. Wakati ukifika mpeleke yeye kwenye chumba cha dume, asubuhi au jioni, usimpeleke dume kwake, kwa kuwa jike hulinda chumba chake na atampiga. Simama papo hapo utazame, kazi haichukui dakika nyingi, kisha umrudishe jike kwake. Andika tarehe hiyo kwa chokaa au kalamu juu ya mlango. Mimba ni siku 31, na siku ya 28 umtilie kisanduku cha kuzalia chenye nyasi kavu laini, ambazo atazichanganya na manyoya anayoyanyofoa mwenyewe kifuani.